Daftari la kando ya uwanja: namna ya kumpima mchezaji mmoja mmoja kwenye mechi

Siku moja pale Mwanga, Kigoma, timu ya vijana ninayoisaidia ilifungwa mabao mawili, yote kutoka upande wa kushoto. Filimbi ya mwisho ilipolia, kijana wetu namba tatu, beki wa kushoto, alizungukwa. Kila mwenye mdomo alimwambia kafungisha. Mimi nilikuwa na daftari. Lilionyesha kwamba kijana huyo aliachwa peke yake na wapinzani wawili mara tisa, na mara saba kati ya hizo aliokoa. Winga aliyekuwa mbele yake, namba kumi na moja, alitakiwa kurudi kukaba mara kumi na moja, alirudi mbili. Na siku ile winga ndiye aliyebebwa mabegani, kwa chenga mbili ambazo uwanja mzima uliziona.

Tangu hapo siamini tathmini ya mchezaji isiyoandikwa. Macho yetu hufuata mpira, na mpira haukai na mtu mmoja: mchezaji wa kawaida huwa nao mguuni dakika mbili tatu tu katika dakika 90. Dakika zote zilizobaki anakaba, anafungua nafasi, anaziba njia, au amesimama tu, na huko ndiko utakakomjua. Ninayoyaeleza hapa yanamfaa mwalimu wa timu ya mtaa, mzazi mwenye mtoto anayecheza, mwandishi wa michezo, hata shabiki aliyechoka kubishana bila ushahidi.

Kabla ya filimbi: jua kila mtu katumwa nini

Huwezi kumpima mtu kwa kazi ambayo hakupewa. Fika mapema, timu zikiwa bado zinapasha misuli, umsogelee mwalimu kwa adabu: "Shikamoo mwalimu. Leo namba mbili anapanda au anabaki?" Swali fupi la namna hiyo halimkeri mtu, na jibu lake litakuokoa na makosa mengi. Kama namba mbili, yaani beki wa kulia, kaambiwa asivuke nusu ya uwanja, usije kumkata alama kwa kutopiga krosi. Kama namba tisa, mshambuliaji wa kati, katumwa kuwavuta mabeki wa kati ili namba kumi anayecheza nyuma yake apite, basi mechi yake haipimwi kwa mashuti. Kwa timu pinzani hutapata maagizo. Wasome dakika kumi za kwanza, andika unachodhani wametumwa, weka alama ya kuuliza pembeni.

Vifaa ni vichache: kaunta buku, penseli mbili, saa. Nasema penseli kwa sababu wino hauvumilii mvua, na hapa kwetu kuanzia Novemba mpaka Aprili mvua inaweza kukuangukia katikati ya kipindi cha pili. Andika namba za jezi kabla ya mchezo kuanza. Kwenye ndondo, yale mashindano ya mtaani, ambako jezi hukosa namba au namba moja huvaliwa na watu wawili, mtambue mtu kwa rangi ya viatu, soksi au alivyonyoa. Fanya hivyo mapema. Mpira ukishaanza hutapata nafasi.

Kaa juu, usawa wa mstari wa katikati. Uwanja wa Lake Tanganyika una jukwaa, kwa hiyo hapo hakuna shida. Viwanja vyetu vingine havina, basi tafuta tuta, ukuta, au uombe kupanda kwenye bodi ya lori lililoegeshwa. Ukisimama chini kwenye mstari unaona miguu na vumbi, huoni nafasi iliyo kati ya beki na beki, na nafasi hizo ndizo mchezo wenyewe. Tena kaa mbali na mashabiki wa upande wowote. Kelele ya watu ishirini huweza kuisogeza penseli yako bila wewe kujua.

Watu watatu, basi

Peke yako huwezi kuwapima watu 22. Anayekuambia ameweza, amewapima kwa kumbukumbu, na kumbukumbu huhifadhi mabao na makosa makubwa tu. Chagua watatu. Gawa mechi katika vipande sita vya dakika 15, na kila mmoja wa watatu hao umpe vipande viwili ambavyo ni vyake peke yake: kimoja cha kipindi cha kwanza na kimoja cha pili. Katika kipande chake unamtazama yeye hata mpira ukiwa upande wa pili wa uwanja. Wale wengine wawili unawaandika pale tu mpira unapowafikia.

Mara ya kwanza utaumia. Goli litafungwa na wewe ulikuwa unamtazama beki anayefunga kamba za viatu. Vumilia, goli utasimuliwa.

Mkiwa wawili, gawaneni safu ya ulinzi na safu ya ushambuliaji, wala msigawane timu. Mkigawana timu kila mmoja ataanza kuitetea ya kwake.

Alama za mkono

Huna muda wa kuandika sentensi. Hizi ndizo alama zangu. Badilisha upendavyo, mradi usizibadilishe katikati ya msimu.

Mstari mmoja mfupi ni pasi iliyofika. Nikiuwekea mshale juu, pasi ilikwenda mbele na kumvusha mpinzani angalau mmoja. Msalaba ni mpira alioupoteza. N ni mpira alionyang'anya au kuuzuia. H ni mpira wa hewani, yenye jumlisha akiupata, yenye kutoa akiukosa. R ni kurudi kukaba, R yenye sifuri ni alipotakiwa kurudi asirudi. A ni ameachwa: kapitwa, au mtu wake kapokea mpira huru.

Kila alama ifuatwe na tarakimu ya eneo. Moja ni theluthi ya uwanja iliyo karibu na lango lake, mbili ni katikati, tatu ni karibu na lango la wapinzani. Hivyo "23: N1, mshale 1, msalaba 2" inasomeka: dakika ya 23 alinyang'anya mpira karibu na lango lake, akatoa pasi nzuri ya mbele, akarudishiwa, akaupoteza katikati. Kupoteza mpira eneo la tatu ukijaribu kumpenya beki ni gharama ya kawaida ya kushambulia. Kuupoteza eneo la kwanza ni hatari kwa timu nzima. Ukivijumlisha kama kitu kimoja, mchezaji mwoga anayerudisha nyuma kila mpira atakushinda hesabu.

Ile alama ya A ndiyo nitakayokuomba uishikilie kuliko zote. Nilijifunza thamani yake kwa kufuatilia ragbi ligi, ile ya wachezaji 13 kila upande inayopendwa Australia na kaskazini mwa Uingereza. Mle timu yenye mpira hupewa nafasi ya kuangushwa mara sita tu kabla ya kuuachia, kwa hiyo kila anayeangusha mtu anahesabiwa, na kila anayemkosa mtu anahesabiwa pia. Mchezaji anatoka uwanjani akiwa na hesabu mbili: aliowashinda na waliomshinda. Kwenye soka letu tunahesabu ya kwanza kidogo, ya pili hatuihesabu kabisa. Beki anasifiwa kwa mpira mmoja aliouteleza vizuri, na hakuna anayekumbuka mara nne alizoachwa krosi zikapita bila kumkuta mtu.

Nafasi kwa nafasi

Kipa watu humpima kwa kuruka. Mimi humtazama miguu. Shuti linapopigwa, je, miguu yake miwili iko chini na imetulia, au bado anakimbia? Aliyetulia huokoa mpira bila kuruka, na kwa hiyo hapigiwi makofi. Angalia anautemea wapi mpira: pembeni au mbele ya lango. Angalia anasimama wapi timu yake ikishambulia. Anayeganda kwenye mstari wa goli anawaachia mabeki wake mita arobaini za kulinda peke yao. Hesabu pia muda anaoushika mpira, kwa sababu tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2025, kipa akiushika kwa mikono zaidi ya sekunde nane wapinzani hupewa kona.

Na kuna jua. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi, jua letu huzama karibu saa 1 jioni upande wa Kongo. Mechi ikianza saa 10, kipa anayetazama magharibi kipindi cha pili ana jua machoni kwa kila krosi. Andika juu ya ukurasa nani alitazama wapi. Mkoa huu ndio wa Juma Kaseja, kipa wa zamani wa timu ya taifa, kwa hiyo watu wake wana macho makali na makipa, na ni haki kwamba makali hayo yaambatane na taarifa kamili.

Kwa mabeki wa kati, tazama umbali kati yao wawili na nani anaongea. Beki bora wa kati hupangua hatari kwa kumpanga mwenzake kabla haijatokea. Kwa beki wa pembeni, swali ni moja: anamsukumia winga nje kwenye mstari, au anamfungulia njia ya ndani?

Sasa namba sita, yaani kiungo mkabaji, na hapa naomba nikae kidogo, maana ndiye anayeonewa zaidi katika tathmini za mitaani. Kazi yake nzuri haionekani kwa sababu matokeo yake ni jambo kutotokea. Amesimama mahali, na kwa sababu amesimama pale, namba kumi wa wapinzani hakupewa pasi. Utaiandikaje pasi ambayo haikupigwa? Fanya hivi: katika kipande chake cha dakika 15, kila wapinzani wanapopata mpira katikati, tazama kama kuna njia wazi ya kumfikia mshambuliaji wao kupitia kati. Njia ikiwa imezibwa na yeye, weka nukta. Ikiwa wazi, weka A. Kisha hesabu mara ngapi aligeuza shingo kutazama nyuma kabla ya kupokea mpira. Asiyegeuza shingo atapokonywa, kama si leo basi kwenye mechi ngumu. La tatu, mipira inayodondoka baada ya watu wawili kugombea hewani: nani aliifikia kwanza?

Tarehe 25 Julai 2021 Simba na Yanga walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini, hapa hapa Lake Tanganyika, Simba ikashinda 1-0, na mfungaji alikuwa Taddeo Lwanga, kiungo mkabaji. Wanaoikumbuka mechi ile wanakumbuka bao. Ningependa kila anayejifunza kutathmini atafute picha za mechi nzima, amtazame yeye peke yake dakika zote, na bao lile aliruke. Ni darasa la bure.

Winga na washambuliaji sitawachukulia muda mrefu, kila mtu anawatazama. Ongeza mambo mawili tu unayoyaandika: mshambuliaji anafanya nini katika sekunde tano za kwanza baada ya timu yake kupoteza mpira, na winga akipiga chenga, je, mpira uliishia wapi? Chenga isiyozaa krosi, pasi wala faulo niiandike ya nini?

Kadi, mabadiliko na penalti

Fainali hiyo ya 2021 inafundisha jambo jingine. Mukoko Tonombe wa Yanga alipewa kadi nyekundu katika kipindi cha kwanza, wenzake wakabaki kumi. Ikitokea hivyo, chora mstari mnene kwenye ukurasa na uanze hesabu mpya, kwa timu zote mbili. Kiungo aliyebaki sasa anabeba kazi ya wawili. A zake zitaongezeka hata akicheza vizuri kuliko mwanzo. Na upande wenye watu 11, pasi nyingi zilizofika hazina maana ileile. Aliyetolewa mpe alama yake na maelezo yake, usiwapunguzie wengine.

Anayeingia akiwa na chini ya dakika 20 hapewi alama. Andika sentensi moja juu yake.

Mikwaju ya penalti baada ya mechi iweke kando kabisa. Mashujaa, timu ya hapa kwetu, ilipoitoa Simba kwenye Kombe la Shirikisho Aprili 2024, hapa hapa Kigoma, ilikuwa kwa penalti baada ya sare ya 1-1. Furaha ya usiku ule tuliiona wote. Lakini mpigaji anayekosa mkwaju mmoja baada ya kukimbia mechi nzima amekosa mkwaju mmoja. Usiruhusu ufute kazi iliyokwisha kuandikwa.

Kutoa alama

Toa alama kabla hujaondoka uwanjani, na kabla hujamsikia mtu mwingine. Ukishapanda bodaboda na dereva akakuambia nani alikuwa nyota wa mchezo, umeshachelewa.

Natumia moja mpaka kumi na kila mtu anaanza na sita. Sita maana yake katimiza alichotumwa. Saba, katimiza na kuongeza. Nane, mechi iligeuka kwa sababu yake. Tisa utaitoa mara chache kwa msimu. Tano, kazi ilimshinda kwa sehemu. Nne, aliiumiza timu. Nusu sitoi, kwa sababu nusu ni njia ya kukwepa kuamua. Kila unapoongeza au kupunguza, andika sababu kwa alama zilizomo daftarini. Sababu ikikosekana daftarini, rudi kwenye sita.

Chukua yule namba tatu wa Mwanga. Anaanza na sita. Pasi zake 18, zilifika 14, sita zikiwa za mbele: kwa beki wa pembeni aliyebanwa namna ile, inatosha, sibadilishi kitu. Mapambano tisa dhidi ya wawili, kushinda saba: naongeza mbili. Bao la pili aliukimbilia mpira akamwacha mtu wake nyuma, hilo lilikuwa lake: napunguza moja. Saba. Winga anaanza na sita pia. Chenga mbili zilizoishia kwa kupoteza mpira hazimwongezei wala kumpunguzia, lakini kurudi mara mbili kati ya kumi na moja, na mwalimu alikuwa amemwagiza arudi, kunamshusha mpaka nne.

Uone kwamba mabao yenyewe sikuyatumia kama kipimo. Beki anaweza kukosea mara tano wapinzani wakapaisha zote, mwingine akakosea mara moja ikaingia. Pima kosa kwa ukubwa wake wakati lilipofanyika, kabla mpira haujaamua unakwenda wapi.

Njia nzuri ya kujikagua nimeichukua tena kwenye ragbi ligi. Tuzo ya Dally M ya Australia, iliyoanza mwaka 1980, imejengwa juu ya kura za kila mechi: tatu kwa aliyecheza vizuri zaidi, mbili kwa anayemfuata, moja kwa wa tatu, kutoka timu yoyote ile. Tafuta watu wawili unaowaamini macho yao, mmoja awe kocha wa zamani au mchezaji wa zamani ikiwezekana. Kila mmoja aandike tatu, mbili, moja kwenye karatasi yake bila kuonyeshana, kisha mfungue pamoja. Mkitofautiana sana, msipigiane kura. Ulizaneni kila mmoja alikuwa anatazama nini, mara nyingi utakuta alikuwa anatazama mpira.

Kumwambia mchezaji

Alama usiitume kwenye kundi la WhatsApp. Najua timu nyingi zinafanya hivyo, na nimeona kijana wa miaka 16 akiacha mpira kwa sababu ya namba moja iliyotumwa usiku bila maelezo. Mwambie mwenyewe, ana kwa ana, siku inayofuata, akiwa amelala na kula.

Namba tatu nilimkuta kesho yake mwaloni Kibirizi, akimsaidia baba yake kuanua dagaa. Nilimsalimia mzee kwanza, nikamwomba ruhusa ya kuongea na mwanawe, kisha tukakaa juu ya mtumbwi nikamfungulia ukurasa. Nilimwonyesha zile mara saba alizookoa. Hakusema kitu muda mrefu. Halafu akauliza, "Kocha, na lile la pili?" Nikamwonyesha na hilo: mahali alipokuwa, mahali alipokuwa mtu wake, na hatua tatu zilizokuwa kati yao. Mambo mawili, moja alilofanya vizuri na moja la kurekebisha, yote yakiwa na dakika yake. Zaidi ya hapo mchezaji habebi.

Winga naye nilimfuata. Alikasirika, akasema nilimwonea. Nikampa daftari ahesabu mwenyewe zile R. Mechi iliyofuata alitakiwa kurudi mara 12, akarudi tisa.

Baada ya mechi tano

Mechi moja ni hali ya hewa ya siku hiyo. Usimwandikie mtu hukumu kabla hujamwona mechi tano, angalau mbili kati ya hizo ziwe ugenini. Timu zetu husafiri vibaya. Vijana waliosafiri usiku kucha kwa treni kwenda Tabora na kucheza siku hiyo hiyo hawana miguu, na ukurasa wao uandikwe hivyo.

Mpe kila mchezaji ukurasa wake nyuma ya daftari. Mechi ikiisha, hamishia pale mambo manne: alama, kazi aliyopewa, jambo moja zuri, jambo moja la kurekebisha. Baada ya mechi tano soma ile safu ya nne kutoka juu mpaka chini. Jambo lilelile likijirudia mara tatu, peleka kwa mwalimu lifanyiwe mazoezi. Likitokea mara moja tu, liache.

Daftari lenyewe lifunge kwenye mfuko wa nailoni. La kwanza kabisa nililowahi kuandika lililowa Januari nikiwa njiani kutoka Ujiji, na mechi nane za wale vijana hazikusomeka tena.